Nimepimwa mara sita na bado siamini

Sista, hujambo?

Mimi ni msusi, nina miaka 28, kibanda chetu kiko Kenyatta Market. Nakuandikia usiku kwa sababu mchana haiwezekani. Tuko wasusi watano kwenye kibanda kimoja na kila mtu anasoma simu ya mwenzake.

Usiku wa Jamhuri, tarehe 12 Desemba, nilienda kwa jamaa mmoja tunayejuana kikazi. Yeye ndiye hutuletea nywele za kusukia kutoka Dubois Road, na tumekuwa tukitaniana tangu Agosti. Siku hiyo tulibusiana, busu za ulimi, tukapapasana, akaniomba nimshike, nikamshika kwa mkono mpaka akamaliza. Mimi sikuvua nguo ya ndani. Hatukufika pale watu hufika.

Shida ni vidole vyangu. Ukisuka rasta nyembamba kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, nywele zile zinakukata kwenye kiungo cha kidole, na ngozi ya kando ya ukucha inachanika. Siku hiyo nilikuwa na mchaniko kama huo. Nilipoenda kunawa ndipo nikasikia unawasha. Nikasimama pale, maji yanatiririka, nikiuangalia kama mtu anayeangalia mlango aliosahau kuufunga usiku. Kurudi chumbani nikaona mkebe wa dawa juu ya friji, mweupe, wa plastiki, karatasi yake imebanduliwa. Sikuuliza. Nikavaa, nikaita boda.

Siku ya tano nilienda kwa kemisti mtaani kuomba PEP, zile dawa za kuzuia VVU mtu anazomeza baada ya tukio. Akaniambia nimechelewa, lakini akaniuzia sindano ya "kusafisha damu" na vidonge vya siku saba. Elfu mbili mia nane. Wiki ya tatu nikatokwa na vidonda viwili ndani ya shavu. Tangu hapo namulika ulimi wangu kwa tochi ya simu kila nikienda chooni, nao ni mweupe. Tezi za shingo zinauma. Nimepungua kilo nne.

Nimepimwa mara sita: Januari mara moja, Februari mara moja, Machi tarehe 3 na tarehe 20, na mwezi huu wa Aprili mara mbili. Zote hasi. Kipimo cha kwanza kilinipa wiki mbili za usingizi. Cha sita hakikunipa hata usiku mmoja. Hivi viwili vya Aprili nilijipima mwenyewe nyumbani kwa kile kipimo cha mate. Cha mwisho nilikisoma baada ya dakika 20, saa mbili usiku, mstari mmoja, nikakitupa kwenye ndoo ya takataka. Saa saba usiku nikaamka, nikakitoa kwenye maganda ya viazi, nikakimulika, nikaona kivuli cha mstari wa pili.

Na kuna swali linalonimaliza. Kama kipimo kinaweza kuviona virusi kwenye mate, basi virusi viko kwenye mate. Mbona mnatuambia busu haliambukizi?

Hospitali ya Mbagathi iko hapo karibu lakini siwezi kwenda, nusu ya wateja wangu ni wauguzi wa pale na wa Hospitali ya Kenyatta. Naishi na binti wa mama mdogo, yuko kidato cha tatu. Nimetenga kikombe changu na kijiko changu asivitumie. Aliniuliza kwa nini, nikamwambia nina mafua.

Labda niongeze, ingawa sijui kama lina maana. Mama yangu alifariki mwaka 2005. Ulikuwa ugonjwa huo, ila nyumbani waliuita kifua. Alikuwa na kikombe chake chekundu cha plastiki, kilitundikwa kwenye msumari nje ya jikoni. Mama mdogo ndiye alinilea.

Msusi, Nairobi

*

Mwanangu, 

Nianze na kile kipimo ulichokitoa kwenye maganda ya viazi. Kipimo cha mate husomwa kati ya dakika 20 na dakika 40, basi. Mstari hafifu ukijitokeza ndani ya muda huo hauupuuzi, unaenda kituoni upimwe tena kwa damu, kwa maana hakuna mtu nchini humu anayeambiwa ana VVU kwa kipimo kimoja tu. Lakini dakika 40 zikipita, kile ni kipande cha plastiki chenye karatasi inayokauka, na karatasi inayokauka huchora vivuli. Majibu yako ni yale ya saa mbili usiku.

Swali lako la mate nimelipenda, na si wewe wa kwanza. Nimeulizwa na dereva wa matatu, na mchungaji, na hata mwanafunzi wa uuguzi ambaye alipaswa kujua. Kile kipimo hakitafuti virusi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza virusi vinapoingia. Ndiyo maana unaambiwa upitishe kile kijiti kwenye ufizi, juu na chini, wala huambiwi uteme mate kwenye chupa: kingamwili hupenya kutoka kwenye damu na kufika ufizini. Askari kuonekana sokoni haimaanishi mwizi yumo ndani ya kikapu chako. Virusi vyenyewe kwenye mate ni haba mno, na mate yana vitu vinavyovidhoofisha. Busu la ulimi haliambukizi VVU. Kuna visa vichache mno vilivyoandikwa duniani ambapo wote wawili walikuwa wakitokwa damu kwenye fizi, na hapo ni damu iliyohusika. Kikombe nacho hakiambukizi. Nitakirudia hicho kikombe.

Sasa vidole. Nimewaona wasusi mikono yao, nami nimekaa kwenye vile viti vyenu virefu saa tano nikisukwa, kwa hiyo huo mchaniko naujua. Unawasha, unaweza hata kutoa tone la damu asubuhi. Lakini kufikia jioni mchaniko wa kando ya ukucha huwa umeanza kujifunga. Kuwasha kwa maji na sabuni hakumaanishi mlango uko wazi. Shahawa zikishatoka nje na kupigwa na hewa, virusi vilivyomo, kama vilikuwemo, huanza kupoteza nguvu. Kumshika mwanamume kwa mkono si njia ya kuambukizwa VVU. Katika miaka yangu yote ya kupima watu, hajaingia hata mmoja aliyeupata kwa kidole.

Nikupe kipimo cha kulinganisha. Mwaka 2009, zamu ya usiku, nilijidunga kwa sindano niliyokuwa nimetoka kumtolea mgonjwa damu. Sindano yenye tundu, damu mbichi ndani yake, ikaingia nyama kabisa. Mgonjwa alikuwa na virusi na hakuwa ameanza dawa. Unajua wahudumu wa afya wangapi huambukizwa kwa ajali kama hiyo, wasipotumia dawa yoyote? Takriban 3 kati ya 1000. Hiyo ni sindano, mwanangu, iliyotoka kwenye mshipa wa mtu na kuingia mwilini mwa mwingine papo hapo. Ule mchaniko wako haukaribii hapo hata kwa mbali. Nilimeza PEP siku 28, nikatapika wiki nzima ya kwanza. Kisha nikapimwa kuliko nilivyoagizwa, na kipimo cha mwisho nilikwenda kukifanyia hospitali ya mbali, nimevaa miwani ya jua na leso hadi kwenye nyusi. Mimi, sista mzima, ambaye kazi yangu ilikuwa kuwaambia wengine watulie. Kwa hiyo sikucheki.

PEP huanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Siku ya tano ilikuwa imepita kweli, lakini hata ungefika saa ya kwanza, mtoa huduma anayejua kazi yake asingekupa kwa jambo hili. Huyo wa mtaani aliyekuuzia sindano ya kusafisha damu alikuuzia hofu yako mwenyewe kwa elfu mbili mia nane. Damu haisafishwi kwa sindano. Damu husafishwa na figo na ini, bila malipo, hata usiku ukiwa umelala. Mwingine akikuambia neno hilo, chukua mkoba wako utoke.

Kuhusu tarehe. Kwa kipimo cha damu ya kidole, muda wa kungoja ili majibu yawe ya mwisho ni siku 90. Toka 12 Desemba, siku ya 90 iliangukia 12 Machi. Kile cha 20 Machi kilimaliza kesi. Viwili vya Aprili ulivifanyia nini? Na kama nilivyokwisha kusema, kwa kilichotokea usiku ule hata cha kwanza hakikuwa cha lazima.

Vidonda vya ndani ya shavu, vile vyeupe vyenye ukingo mwekundu vinavyouma ukila ndimu, huja mtu akikosa usingizi, akiwa na mawazo, akijiuma. Ulimi mweupe ni ulimi wa mtu asiyekula vizuri na asiyekunywa maji. Ukungu wa mdomoni unaoletwa na VVU ni mzito, huja kinga ikiwa imeshuka sana, kwa kawaida baada ya miaka, si wiki tatu. Kupungua kilo vilevile. Picha ya mgonjwa aliyekonda unayoibeba kichwani ni picha ya mtu aliyeishi na virusi muda mrefu bila dawa. Na hizo tezi, niambie ukweli: unazibonyeza mara ngapi kwa siku? Bonyeza goti lako mara 40 kila siku kwa mwezi mzima uone kama halitauma.

Huo mkebe juu ya friji unaweza kuwa wa dawa ya presha, ya kifafa, ya minyoo, au ni mkebe wa kuwekea sindano na vifungo, kama nilionao mimi. Lakini tuseme ni ARV, yaani dawa za VVU. Mtu anayemeza dawa zake kila siku hadi virusi vikawa haba kiasi cha kutoonekana kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake hata wakilala pamoja bila kondomu. Hili lilichunguzwa kwa maelfu ya wapenzi, tendo baada ya tendo, na halina mjadala tena. Mwenye kukutia hofu angekuwa yule ambaye hajui hali yake. Na tafadhali, habari ya mkebe isifike kwa wale wenzako wanne. Hali ya mtu ni siri yake, na tuna sheria ya tangu 2006 inayoilinda. Ukitaka kujua, muulize mwenyewe. Si mtu wa kupita, analeta mzigo kila wiki.

Sitakudanganya kwamba kugusana hakuna kinachoweza kupita. Kirusi cha malengelenge, yale ya mdomoni, hupita kwa busu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu theluthi mbili ya watu wenye umri chini ya miaka 50 wanacho, wengi walikipata utotoni kwa mabusu ya bibi na shangazi. Huenda unacho tangu shule ya chekechea. Kaswende hupita kwa kugusa kidonda chake moja kwa moja, na kidonda hicho hakiumi, hivyo mtu anaweza asikione. Kwa kawaida huchukua kama wiki tatu kujitokeza, mara chache hadi siku 90. Ungeona kitu kwenye midomo au kidole, kigumu kidogo, kisicho na maumivu, na wewe hujataja kitu kama hicho. Kama unataka kufunga ukurasa huo pia, kuna kipimo cha damu ya kidole, mara moja tu, na ikipatikana mapema inatibiwa kwa sindano ya penisilini, ile halisi. Kisonono na klamidia kwa kawaida huhitaji mgusano wa karibu zaidi kuliko ulionisimulia.

Kinachonisumbua mimi ni kingine kabisa. Una miaka 28. Chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, iliingia kwenye ratiba ya Kenya Oktoba 2019, kwa wasichana wa miaka 10, kwa hiyo ilikupita. Umewahi kuchunguzwa mlango wa kizazi? Nakisia hujawahi. Umepimwa VVU mara sita ndani ya miezi minne kwa sababu ya kidole, na ugonjwa unaowaua wanawake wa nchi hii wengi wao wakiwa bado wanalea hujauwazia hata siku moja. Uchunguzi huo huanzia miaka 25. Hutaki kwenda Mbagathi, sawa, ingawa wauguzi unaowasuka wameona mengi kuliko hayo na wana siri kuliko kibanda chenu. Nenda mjini, kliniki ya Casino karibu na River Road, si ni upande uleule nywele zenu zinakotoka? Huko kila anayeingia ana lake, hakuna anayekodoa macho.

Sasa tuje kwenye hofu yenyewe, kwa sababu mwilini huna tena swali. Umeandika mstari mmoja ambao ningeutundika ukutani kliniki: kipimo cha kwanza kilikupa wiki mbili za usingizi, cha sita hakikukupa hata usiku mmoja. Hivyo ndivyo hofu ya namna hii inavyokula. Kila ukiilisha, shibe yake inapungua muda. Cha saba kitakupa saa nne, na cha nane utakitilia shaka kabla hakijakauka. Kwa hiyo sikuandikii kipimo kingine. Hakuna kupima hadi kuwe na tukio jipya, tukio la kweli, siyo ndoto wala kidole.

Kumulika ulimi hutaweza kuacha kwa siku moja, usijaribu, utashindwa halafu ujichukie. Ucheleweshe tu. Hamu ikikushika ukiwa kazini, jiambie, "Nimalize kichwa hiki ndipo niende kuangalia." Si kukataza, ni kuahirisha. Wengi wa wateja wako hukaa saa nne, tano. Mara nyingi utakuta ukimaliza kuchovya ncha kwenye maji ya moto hata hukumbuki. Siku nyingine utakumbuka na utaenda, sawa, lakini ni mara moja badala ya kumi. Usiku simu ilale upande wa pili wa chumba. Shingo usiiguse ila kwa kitambaa ukioga. Na ule. Kilo nne hazikuchukuliwa na virusi, zilichukuliwa na chakula cha mchana usichokula.

Ukifanya hivyo wiki tano, sita, na bado unaamka saa saba usiku, basi ni hali inayotibika na ina wenyewe. Waone wanasaikolojia. Kenyatta wana kliniki, na Mathari, ile hospitali ya magonjwa ya akili, wana kliniki ya kutwa. Najua ukitaja Mathari Nairobi hii watu hucheka. Waache wacheke. Pale foleni imejaa walimu, makarani wa benki, na polisi wamevaa kiraia, wanachukua miadi na kurudi kazini.

Ulisema hujui kama habari ya mama yako ina maana. Nadhani umeandika barua nzima ili ufike hapo, ukaifichia mwishoni. 

Nilikuwa kazini mwaka 2005. Dawa zilikuwepo, lakini hazikuwafikia wote, na wengi waliofika walikuwa wameshabebwa kwa blanketi. Mwaka 2006 ndipo serikali ilipoondoa ada ya ARV kwenye hospitali za umma. Mwaka mmoja. Nimewafikiria sana watu wa huo mwaka mmoja. Na kwenye nyumba nyingi nilizotembelea, Dandora, Kibera, hata huko kwenye majumba ya Langata, nilikikuta hicho kikombe. Rangi tofauti tu. Mahali pengine kilikuwa cha bati, mahali pengine glasi iliyofungwa uzi. Waliokitenga hawakuwa watu wabaya. Mama mdogo wako alikuwa na mtoto wa dada yake wa kulea, na hakuna aliyekuwa amemweleza vizuri. Lakini wewe ulikuwa mtoto mdogo, unakiona kikombe kile kwenye msumari kila siku, ukajifunza bila mtu kukufundisha kwamba ugonjwa huu unakaa kwenye vikombe, kwenye mate, kwenye mikono. Mwaka huu mtu amekugusa na wewe ukapenda, na siku chache baadaye ukakitundika kikombe kwenye msumari wako mwenyewe.

Zungumza na mama mdogo kama bado yupo. Si kumlaumu. Muulize tu mama alikuwa mtu wa namna gani kabla ya kifua. Nina hakika hujawahi kuuliza.

Vidole vifunge plasta unaposuka, si kwa sababu ya VVU, ni kwa sababu mchaniko ukiingia uchafu utakulaza siku mbili bila kazi. Na usiku huo mwingine ukija, na huyo jamaa au na mwingine, mwende mkapimwe pamoja kabla, na kondomu iwe karibu, siyo mkobani chini ya vitana.

Leo jioni pikeni chai. Binti akimaliza kazi yake ya shule, mmiminie yake kwenye kikombe chako, kilekile. Akikuuliza kama mafua yamepona, mwambie yamepona.